Konrad Zuse, kijana aliyetengeneza mashini ya hesabu ndani ya salo ya wazazi

Bandugu wasomaji, telefone ile munaweka mfukoni ina kipande kimoja kidogo sana, kidogo kuliko ukucha, kinachofanya hesabu zote. Tutakiita proseseri. Ndani yake kuna nyuzi za shaba, na batri inayokilisha mara nyingi ina kobalti. Ile sehemu ya hadithi, ninyi munaijua kutushinda sisi. Lakini namna kile kipande kinavyofikiri, hapo watu mingi wanasema tu: ni akili ya wazungu, ni mambo ya shule kubwa, hatutaielewa.

Leo tunaandika maisha ya mtu ambaye hata yeye hakufundishwa na mwalimu yeyote. Wakati wake hakukuwa masomo ya ordinatere, juu hakukuwa ordinatere yenyewe. Alijifunza kwa kuchora proseseri yake mwenyewe, kuikata kwa mikono, kuona inakwama, na kuanza tena. Jina lake ni Konrad Zuse.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 22 mwezi wa sita mwaka 1910. Baba yake alikuwa karani wa posta, mtu wa mshahara wa kila mwezi. Familia ilihamishwa-hamishwa kwa ajili ya kazi ya baba: kwanza Braunsberg, mji ambao leo uko ndani ya Polandi, kisha Hoyerswerda. Hoyerswerda iko katika jimbo la Lausitz, fasi ya makaa ya rangi ya udongo ambayo wanayachimba katika mashimo makubwa ya wazi, sawa karyeri zetu. Kwa hiyo kijana Konrad alikulia katika jimbo la wachimbaji. Alipenda kuchora kuliko masomo mengine yote, na kwa muda mrefu hakujua achague picha au mashini. Mwishoni akarudi Berlin kusomea enjenieri wa majengo, akapata diploma mwaka 1935.

Pale shuleni njo alikutana na adui yake: hesabu. Mtu anayejenga paa au daraja lazima ajue kila chuma kitabeba uzito gani. Chuma kimoja kinasukuma kingine, kingine kinavuta cha tatu, na zote hazijulikani kwa mara moja. Unaandika mistari mingi ya hesabu, unaanza kuifungua mmoja-mmoja, siku nzima, posho nzima. Ukikosea pa mstari wa tatu, vyote vya chini vimeharibika. Na ukikosea bila kujua, paa itaangukia watu. Wale waliofanya kazi chini ya mbao na vyuma vya kushikilia mwamba wanaelewa tunasema nini.

Zuse alipata kazi Henschel, kiwanda cha ndege, kule Berlin, na kazi yenyewe ilikuwa ile ile: hesabu za nguvu za mabawa, kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakukaa sana. Aliacha kazi akawaambia wazazi kwamba anataka kutengeneza mashini itakayofanya hesabu yenyewe, na anaomba salo yao. Fikirini mtoto wenu, mmemlipia shule miaka yote, amepata diploma, amepata kazi ya mshahara, sasa anaiacha ili ajaze nyumba na vipande vya malata. Wale wazazi walikubali. Franga zilitoka kwao, kwa dada yake na kwa marafiki wa shule; wenye kukosa franga walileta mikono yao, wakaja kukata vyuma jioni. Fundi mmoja mwenye kiwanda cha mashini za kujumlisha, Kurt Pannke, kwanza alimjibu kwa telefone kwamba katika mashini za hesabu kila kitu kimekwisha kuvumbuliwa. Kisha akaja kuona, na akatoa franga.

Sasa tuingie ndani ya mashini, juu hapo njo utamu wake. Zuse hakuanza kwa kuuliza mashini za wengine zikoje. Hakuzijua vizuri. Alianza kwa kujiangalia mwenyewe akifanya hesabu. Alijiuliza: mimi ninapopiga hesabu ndefu, ninafanya nini hasa? Ninasoma namba mbili kwenye karatasi. Ninazijumlisha ao kuzizidisha. Jibu ninaliandika fasi fulani ya karatasi. Kisha ninaangalia utaratibu: sasa nichukue namba ya fasi gani? Basi. Hakuna kingine. Kwa hiyo mashini inahitaji depo ya kuweka namba, fundi wa kuzijumlisha, na capita wa kusema sasa chukua hii, sasa weka pale. Na capita mwenyewe anahitaji karatasi ya amri, ile tunayoita programu. Hata leo proseseri ya telefone yenu imepangwa hivyo: depo, fundi, capita, amri.

Swali la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mashini za kujumlisha za wakati ule zilikuwa na magurudumu yenye meno kumi, toka 0 mpaka 9, sawa vidole vyetu. Lile gurudumu ni gumu kulitengeneza, lataka fundi mkubwa na chuma cha bei. Zuse hakuwa na vile vitu. Akaona ni vizuri kutumia kitu chenye hali mbili tu.

Tuchukue mfano wa pale kazini. Kuna migodi ya chini yenye ubao wa misumari mlangoni, kila mtu na jetoni yake. Jetoni iko kwenye msumari: mtu yuko juu. Jetoni haipo: mtu yuko chini. Hakuna katikati. Sasa chukueni misumari mitatu tu. Msumari wa kulia tuseme unahesabu 1, wa pili unahesabu 2, wa tatu unahesabu 4. Ukitundika jetoni kwenye wa kwanza na wa tatu, umeandika 5. Ukitundika zote tatu, umeandika 7. Ukiongeza msumari wa ine, huo unahesabu 8, na namba 13 inakuwa 8 na 4 na 1. Kila msumari mpya ni mara mbili ya ule wa kulia kwake. Na kujumlisha kunakuwa kurahisi kabisa: hakuna na hakuna ni hakuna; moja na hakuna ni moja; moja na moja, msumari unabaki mtupu na jetoni moja inahamia msumari wa kushoto. Mtoto wa darasa la pili anaweza. Hata kipande cha malata kinaweza, na hapo njo Zuse alifika.

Alikata vipande vyembamba vya chuma, maelfu na maelfu, kwa msumeno mdogo. Kila kipande kina tundu, na ndani ya tundu kuna kijiti. Kipande kikisukumwa mbele, hiyo ni 1; kikibaki fasi yake, hiyo ni 0. Kijiti kikiwa katikati ya vipande viwili, mmoja akisukumwa anamsukuma mwenzake. Kijiti kikiwa pembeni, mwenzake hatikisiki. Ukipanga vile vizuri, unapata kipande kinachosogea tu kama wawili wa nyuma yake wamesogea wote, ao kinachosogea kama mmoja wao amesogea. Zuse aliandika sheria za mpangilio ule peke yake, kwa alama zake mwenyewe. Baadaye alipata kujua kwamba wataalamu wa mantiki walikuwa na sheria zile zile tangu zamani, katika vitabu ambavyo hakuna aliyempa. Sisi tunafikiri hakupoteza wakati. Kitu ulichopigania mwenyewe hakikutoki.

Mashini ya kwanza ilikwisha mwaka 1938. Leo inaitwa Z1. Ilijaza fasi kubwa ya salo, ikazungushwa na moteri ya mashini ya kufyonza vumbi, na amri zake zilitobolewa kwenye filme kuu-kuu za sinema. Depo yake ilikuwa na fasi 64. Kwa nini 64? Rudini kwenye ubao: misumari sita inaweza kutundikwa kwa namna 64, si zaidi. Kwa hiyo matundu sita katika filme yanatosha kuitaja fasi yoyote ya depo. Katika mashini yake ya tatu amri moja ilikuwa na matundu manane: mawili ya kusema chukua ao weka, na sita ya kusema fasi gani. Enjenieri wa leo akiona ile, atacheka kwa furaha, juu njo hivyo hata yeye anavyopanga.

Shida ni kwamba Z1 ilikwama. Ile depo ya vyuma ilifanya kazi vizuri, lakini sehemu ya fundi, ile ya kujumlisha na kuzidisha, vyuma vyake vilikuwa vingi mno. Kimoja kikijipinda kidogo tu, vyote vinasimama. Zuse hakukana. Alisema mpangilio ni mzuri, kitu kibaya ni chuma. Hapo alitenganisha mambo mawili ambayo watu mingi wanayachanganya: namna mashini inavyofikiri, na kitu kilichoitengeneza. Mchoro ule ule unaweza kufanywa kwa chuma, kwa umeme, kwa lampi za radio.

Rafiki yake, Helmut Schreyer, alimwambia atumie lampi za radio. Zuse aliogopa bei, akachukua rele za telefone, na nyingi zilikuwa za kale. Rele, bafundi wa umeme munaijua: umeme unapita katika waya wa shaba uliozungushwa, unakuwa sumaku, sumaku inavuta ulimi, ulimi unafunga njia ya umeme mwingine. Rele mbili zikifuatana katika waya mmoja, umeme hauwezi kupita mpaka zote mbili zikubali. Zikiwa kando kwa kando, mmoja akikubali inatosha. Ni yale yale ya vipande vya chuma, lakini haikwami.

Schreyer naye alitaka serikali ilipe mashini ya lampi karibu 2,000. Wakubwa wa jeshi waliuliza itachukua muda gani. Wakaambiwa miaka miwili. Wakajibu kwamba kabla ya hapo vita itakuwa imekwisha na Ujerumani imeshinda. Basi karatasi ikarudi.

Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 1941, katika nyumba moja ya Berlin, mtaa wa Methfesselstrasse, Zuse alionyesha mashini yake ya tatu, Z3, mbele ya wataalamu wa ndege. Ilikuwa na rele zaidi ya 2,000. Kujumlisha kulichukua chini ya sekonde moja, kuzidisha karibu sekonde tatu. Ni polepole, tunakubali. Telefone ya bei ya chini inafanya mamilioni ya hesabu wakati ule. Lakini ilifuata amri zake mwenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila mkono wa mtu, na ilifanya kazi. Wataalamu wengi leo wanaihesabu kuwa ordinatere ya kwanza duniani yenye programu na yenye kutembea kweli. Mwaka 1943 bomu za vita ziliivunja. Z1 nayo iliungua, pamoja na michoro yake yote.

Hapa lazima tuseme kitu kingine, juu hatutaki kumfanya malaika. Wakati wa vita Zuse alirudi kufanya kazi Henschel. Kiwanda kile kilitengeneza bomu lenye mabawa, lililoachiliwa toka ndege ili kupiga meli. Mabawa yalitoka kiwandani yakiwa hayako sawa, na kila bomu lilitaka hesabu ya kulirekebisha. Zuse alitengeneza mashini mbili za pekee kwa kazi ile. Hakuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Lakini hatujapata fasi ambapo alisimama akasema hapana kwa kazi ile. Alipozeeka aliandika kwamba mvumbuzi mara nyingi anawekwa mbele ya biashara na jeshi, achague kuwatumikia ao aache kazi yake. Sisi tunaona ni neno la kweli, lakini wale waliokuwa ndani ya meli hawakuulizwa wachague.

Mwanzo wa mwaka 1945 Berlin ilikuwa inaanguka. Zuse alikuwa ameoa mwezi wa kwanza wa mwaka ule, mke wake Gisela ana mimba, na mashini ya ine, Z4, ilikuwa karibu kwisha. Wakati ule bado iliitwa V4, na ile herufi iliwasaidia: wakubwa walidhani ni ndugu ya silaha za V1 na V2, wakatoa ruhusa ya kuipakiza katika treni. Ilifika Göttingen. Halafu amri ikaja kwamba ipelekwe katika milima ya Harz, ndani ya mahandaki.

Yale mahandaki, bandugu wachimbaji, tuyaeleze vizuri. Chini ya mlima Kohnstein, wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora walilazimishwa kutoboa mwamba na kutengeneza roketi mule mule. Wa kwanza wao walilala chini, ndani ya vumbi na moshi wa baruti, miezi bila kuona jua. Karibu watu 60,000 walipitishwa katika ile kambi na matawi yake, na karibu 20,000 walikufa. Zuse alienda kuangalia fasi aliyopewa. Akaona watu wale na hali yao. Alirudi akaamua kwamba mashini yake haitakaa pale. Walipakia Z4 katika kamio, wakaenda kusini katika njia zilizojaa wakimbizi na ndege za vita juu ya vichwa, mpaka kijiji cha Hinterstein, katika milima ya Bavaria, karibu na mpaka. Mashini ikafichwa ghalani.

Hakuacha alama nyingine ya kupinga. Aliondoa mashini, na alijiokoa mwenyewe na familia. Lakini alikuwa na amri mkononi, na hakuitii. Kila msomaji apime mwenyewe.

Pale kijijini hakukuwa umeme wa kutosha wala kazi. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwezi wa kumi na moja. Zuse alirudia mkono wake wa zamani, akachora picha ndogo za milima na kuziuzia askari wa Marekani. Usiku aliandika lugha ya kuandikia programu, aliyoiita Plankalkül, wakati mashini za kuitumia hazijakuwa. Ndani yake aliweka hata sheria za kucheza michezo ya sataranji. Mwaka 1946 dunia ikasikia habari ya ENIAC, mashini ya Marekani yenye lampi zaidi ya 17,000. Jina la Zuse hakuna aliyelitaja, juu hakuna aliyemjua.

Mwaka 1949 profesa mmoja wa Uswisi, Eduard Stiefel, alisikia kwamba kuna mjerumani mwenye mashini ya ajabu kijijini. Alikuja mwenyewe, akaandika hesabu moja ngumu kwenye karatasi, akamwambia aifanye. Zuse alitoboa filme, akaitia katika mashini, jibu likatoka sawa. Stiefel aliikodi Z4 kwa ajili ya shule kubwa ya Zürich, ikafanya kazi pale toka mwaka 1950 mpaka 1955. Usiku waliiacha ikitembea peke yake, rele zikilia ka-ka-ka. Zuse alipenda kuchekesha watu kwamba mji wa Zürich ulikuwa umelala mno, na kelele ya Z4 njo ilikuwa maisha ya usiku ya pekee.

Kwa zile franga alianzisha kampuni, Zuse KG. Ilitengeneza ordinatere 251. Wapimaji wa ardhi na watengenezaji wa vioo vya darubini walizinunua. Lakini kila mashini mpya ilihitaji franga nyingi kabla ya kuuzwa, na yeye alijua kuchora kuliko kuhesabu deni. Katika miaka ya 1960 kampuni ilipita mikononi mwa Brown, Boveri, kisha Siemens. Na mwaka 1967 mahakama ya Ujerumani ilikataa ombi lake la hati ya uvumbuzi, lile alilolitia mwaka 1941. Walisema mashini ni mpya, lakini wazo halikuwa na urefu wa kutosha kuitwa uvumbuzi. Miaka 26 ya kungoja, kwa jibu lile! Sisi si wanasheria, lakini hapo tunashangaa.

Alirudia picha zake. Nyingi alizitia sahihi ya jina la kubuni, Kuno See. Kisha, akiwa na miaka zaidi ya 70, akaanza kutengeneza Z1 upya. Michoro ya kwanza ilikuwa majivu, ikabidi aikumbuke kichwani, kipande kwa kipande. Alimaliza mwaka 1989. Alikufa Hünfeld, Ujerumani, tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1995, miaka 85.

Z4 iko Munich, katika nyumba ya makumbusho. Z1 ile ya pili iko Berlin, meza kubwa nzima ya vipande vya chuma vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ina moteri, lakini Zuse aliitilia pia mpini wa kuzungusha kwa mkono, ili mtu aweze kwenda polepole na kuangalia kila chuma kinamsukuma nani.